Mchi wa Marsela na Santuri za Chilindi

Marsela wa Kawajense alikuwa anatwanga vibaya. Hivyo ndivyo walivyosema wanawake wenzake, na wanawake wa Mpanda kwa kukisema kinu cha mwenzao hawana mpinzani. Mtu anayetwanga peke yake huinua mchi na kuushusha, akauinua na kuushusha, mpaka mpunga umwage maganda yake. Marsela aliushusha mara moja, kisha akauinua na kuushikilia hewani, akangoja. Alingoja muda unaomtosha mtu mwingine kutia mchi wake mara mbili za harakaharaka. Ndipo akashusha tena. Mgeni aliyepita nyuma ya ua ule asubuhi alijikuta amesimama, amegeuza shingo, anamtafuta mtu wa pili. Hakumwona, maana hakuwepo.

Lakini mchele wake ulipendwa. Haukuwa na chenga wala pumba, na wenye maduka, makarani wa ofisini na watu wa misheni waliutaka huo huo, wakasema ule wa mashine hauna ladha. Ndio uliomlisha tangu mumewe, fundi wa reli, alipofariki bila kumwachia mtoto. Marsela hakuwa mtu wa kulialia. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mikono ya mwanamume, na ukimwuliza kwa nini anatwanga kama anayempisha mtu, alikutazama mpaka ukakumbuka kwamba una safari.

Kwao ni Mpimbwe, kule bondeni kwenye mpunga. Mama yao alifariki Marsela akiwa msichana wa kuvunja ungo, akamwachia mdogo wake Josefina, ambaye alikuwa bado mgongoni, na kaka yao Melkior, ambaye alikuwa ndio kwanza ameanza kung'oa meno ya utoto. Mvulana hatwangi. Hiyo ni sheria ya Mpimbwe isiyohitaji kuandikwa. Lakini nyumba isiyo na mama haina sheria nyingi, na mpunga haujikoboi wenyewe. Marsela akamchongea Melkior mchi mdogo, akamsimamisha juu ya jiwe ili afikie kinu, akamfundisha. Kwa kuwa mchi wa mtoto ulikuwa mwepesi, wa kwake ukishuka mara moja, ule wa Melkior ulishuka mara mbili. Mawili mepesi, moja zito. Mawili mepesi, moja zito. Akikosea, michi ikagongana, Marsela alimpiga kidole kichwani na kumwambia, "Niachie nafasi yangu." Wavulana wenzake walimcheka Melkior, wakamwita mwali. Yeye hakujali. Alikuwa na jina la nyumbani pia, Kasamya, jina la babu, na hilo ndilo walilomwita akiwa kinuni.

Melkior alipokuwa kijana alifuata njia waliyofuata vijana wengi wa upande ule. Mgodi wa madini ya risasi wa Mpanda ulikuwa umeshafungwa, wazungu wake wameondoka, kwa hiyo mwenye mikono alivuka ziwa akaenda migodi ya shaba, Zambia. Aliondoka na shati moja na kovu la kuungua mkono wa kushoto, alilolipata kwenye mafiga ya dada yake. Barua zilikuja, kisha zikapungua, kisha zikakoma, na Marsela akawa ameshazoea kutwanga huku akimwachia nafasi.

Mwaka wa sabini na mbili akaja Alois. Alois alikuwa mfanyabiashara wa dagaa, mtu wa maneno mengi na meno machache, anayekaa Ikola na kupanda boti za ziwani mpaka Mpulungu, ng'ambo. Alishuka kwenye lori la dagaa pale Mpanda na sanduku jekundu kichwani, likinuka samaki. Ndani yake kulikuwa na mashine ya santuri, ya betri, na santuri moja kubwa. Akasema vimetoka kwa Melkior kule Kitwe. Amesikia dada yake amehamia mjini. Sasa hachimbi tena, anapiga ngoma kwenye bendi, na ametuma neno moja tu: dada asikilize ngoma.

Juu ya jalada walisimama vijana wanne wenye suruali pana na nywele kama vichaka, mdomoni mwa shimo la mgodi. Wa mwisho upande wa kulia, mwenye vijiti mkononi, alikuwa Melkior. Bendi yenyewe iliitwa Chilindi, na kwa lugha ya kule maana yake ni shimo. Marsela hakuhitaji kutafsiriwa, lugha ile inapakana na za kwao.

Muziki wenyewe ulikuwa vurugu. Gitaa lilikwaruza kama msumeno uliokutana na msumari, mtu akapiga kelele kana kwamba ng'ombe wake wameibwa, na katekista wa jirani akasimama mlangoni kwake na kuuliza kama kuna mgonjwa. Marsela alikaa juu ya kigoda, ungo mapajani, akiupepeta mchele na kusikiliza kwa adabu tu, kama mtu anayesikiliza hotuba. Kufika wimbo wa tatu mkono wake wa kulia ukainuka. Haukuagizwa. Chini ya kelele zote zile ngoma ilikuwa inasema: mawili mepesi, kisha pengo. Mawili mepesi, kisha pengo. Pale ambapo mpiga ngoma yeyote mwenye akili angetia pigo zito, palikuwa wazi.

Alicheka, kisha akalia, na ungo ukamwagika. Kuku wa mtaa mzima wakafaidi.

Tangu siku hiyo alitwanga na santuri. Aliweka mashine juu ya dirisha la nyuma, akashusha mchi wake ndani ya pengo la kaka yake, na mtu na ndugu yake wakawa wanakoboa mpunga pamoja, mmoja Mpanda na mwingine ng'ambo ya ziwa. Alois akapata mazoea: kila alipokuta santuri ya Chilindi Mpulungu aliinunua, akaileta pamoja na dagaa, naye akalipwa mchele. Ikaja ya pili, kisha ya tatu. Katika zote Melkior alikuwepo upande wa kulia, na katika zote pengo lilikuwepo.

Marsela alikuwa na utaratibu wake. Hakusikiliza wimbo mmoja mmoja. Alianza na santuri ya kwanza, upande wa kwanza, akaenda mpaka mwisho wa ile ya karibuni, kama mtu anavyosali rozari, na hakuruka hata ule wimbo ambao gitaa lililia peke yake mpaka mbwa wakaitikia. Vijana wa mtaani walianza kuja kwenye ua, wakaomba wimbo fulani wanaoupenda. Aliwakatalia. "Mtu hasikilizwi kuanzia kiunoni," aliwaambia. Santuri zilikaa ndani ya kapu moja, zimepangwa kama zilivyofika, na hakuna aliyeruhusiwa kuzichanganya.

Kitu kimoja tu hakukipenda. Betri zilipochoka, aliziweka juani ili zipate nguvu kidogo, na siku moja moja nguvu hiyo iliisha katikati ya wimbo. Hapo santuri ilipunguza mwendo. Sauti za vijana zikashuka, zikawa nzito, kama za watu wanaoongea wakiwa wamefukiwa, na ngoma ikachelewa, na pengo likapanuka. Likapanuka mpaka Marsela, mchi hewani, akaona kwamba pale sasa panaweza kupita mtu mzima. Alikuwa akiinua sindano haraka na kwenda kuchota maji hata kama mtungi umejaa. Na hapo ilikuwa mchana kweupe, jua linachoma.

Santuri ya nne ililetwa kiangazi cha sabini na nne. Alois aliitoa kwenye gunia kwa madaha, akasema ameipata kwenye duka la Mhindi mmoja, nyuma kabisa ya rafu, na hata muuzaji hakujua kama anayo. Marsela akatazama jalada. Vijana wanne. Watatu aliwajua. Wa nne, upande wa kulia, mwenye vijiti mkononi, alikuwa mtu mwingine, mfupi, mwenye kipara cha mapema.

Aliiweka kwenye mashine. Ngoma zilikuwa nzuri, kama unapenda ngoma. Zilijaa. Kila mahali palipotakiwa pigo, pigo lilikuwepo. Alisikiliza upande wa kwanza, akageuza, akasikiliza wa pili. Akageuza tena. Nje ya ua vijana walikuwa wanacheza, wakasema hiyo ndiyo santuri bora kuliko zote. Marsela alikaa na mchi wake mapajani, hana pa kuutia.

Angeweza kungoja. Angeweza kumtuma Alois akaulize. Lakini mwaka ule haukuwa wa kungoja, kwa sababu ilikuwa imekuja Operesheni, watu wanahamishwa kwenye vijiji vipya kando ya barabara, na kwao Mpimbwe walipewa muda mpaka kabla ya mvua. Baba yake mdogo, Bartolomeo, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, akaja Mpanda kwa lori, na vumbi mpaka kwenye kope. Hakuja kulalamika juu ya kuhama. Alikuja kwa sababu ya makaburi. Alieleza kwamba wanaacha kiwanja cha wazee, wanaacha makaburi na kinu cha zamani, na wafu wote wa ukoo lazima wafungiwe mambo yao kabla nyumba hazijabomolewa. Asiyefungiwa atarudi akute majani, na mzimu usio na nyumba hufuata watu. Wote walikuwa wameshafungiwa. Amebaki mmoja tu asiyejulikana kama ni wa kufungiwa au la.

Na kufunga kwao kulikuwa hivi: jina la marehemu linapewa mtoto mchanga wa ukoo. Ndugu aliyemlea au aliyemfuata ziwa ndiye anayelitia sikioni mwa mtoto, pale mlangoni. Kuanzia hapo mtoto anaitwa alivyoitwa mwenye jina, na kama alikuwa kaka, basi ni kaka, hata kama ni msichana na bado ananyonya. Josefina alikuwa amejifungua. Sharti la jambo hili ni moja, na watoto wa Mpimbwe wanalijua kabla ya kujua kuhesabu: jina halirithiwi mwenyewe akiwa hai. Jina halikai miili miwili. Ukilihamisha mapema, unayebaki naye si yule.

Bartolomeo alikunywa maji, akaweka kata chini, akamtazama mtoto wa kaka yake.

"Sisi kule hatujui lolote," alisema. "Barua hakuna, mtu hakuna. Wewe ndiye unayemsikia. Kasamya yupo, au hayupo?"

Marsela alikwenda ndani, akapiga ile santuri ya nne kwa mara nyingine. Mzee alisikiliza huku amekunja uso. Ilipokwisha, Marsela alizima mashine.

"Hayupo," alisema.

Walikwenda Mpimbwe pamoja. Nyumba zilikuwa zimeshaezuliwa nusu, milango imesimama yenyewe tu kwenye kuta zisizo na paa, na katika mmoja wa milango hiyo ndipo alipopewa mtoto. Ilikuwa asubuhi, mawingu yameanza kujikusanya upande wa Rukwa. Marsela akainama, akaliweka jina sikioni. Hakuna kilichotokea. Mtoto alipiga chafya, watu wakacheka, Josefina akampokea na kusema, "Njoo, kaka." Marsela alirudi Mpanda amechoka lakini moyo umetulia, kama mtu aliyemaliza kufua nguo za msiba. Akasikiliza santuri zake tatu za mwanzo kwa huzuni ya kawaida. Ile ya nne hakuigusa.

Mvua zilipokwisha, Alois akaleta ya tano.

Kwenye jalada upande wa kulia alikuwepo Melkior, amekonda, ana ndevu. Marsela alidhani macho yamemdanganya. Akaiweka kwenye mashine, na kabla gitaa halijamaliza kukohoa ikaja ngoma: mawili mepesi, na pengo. Wimbo wa kwanza hivyo. Wa pili hivyo. Upande wa kwanza wote kaka yake, aliyefungiwa mambo yake na kuhamishwa jina, alikuwa anampisha apige.

Hakuweza kupiga. Upande wa kwanza ulipoisha aliinua sindano, akairudisha santuri kwenye jalada lake bila kuigeuza, akaisukuma uvunguni pamoja na kapu zima. Alimtumia Bartolomeo salamu na kumwuliza. Jibu lilikuja na dereva wa lori: sauti ya marehemu hubaki kama nguo zake zinavyobaki, asiogope, asali. Marsela akasali. Aliogopa vilevile, na alichoogopa hakikuwa kwamba mfu anapiga ngoma. Aliogopa kwamba anayepiga si mfu.

Mashine ikapata vumbi. Wanawake walidhani sasa atatwanga kama watu, na yeye mwenyewe alijaribu, lakini mikono ilikataa. Ilishusha mara moja, ikangoja.

Mtoto wa Josefina alipoachishwa ziwa aliletwa kukaa kwa mama yake mkubwa, kama ilivyo desturi. Alikuwa msichana mdogo mkimya, mwenye macho ya mtu anayejaribu kukumbuka. Marsela alimwita kaka. Kila alipomwita hivyo ulimi ulimwuma kidogo, na hakumweleza mtu. Mtoto alipenda kulala kivulini karibu na kinu. Wengine walishangaa anavyoweza kulala na kelele ile. Kelele ilipokoma ndipo alipoamka.

Mwaka wa sabini na saba, siku ya treni, saa sita mchana, Marsela alikuwa anatwanga. Mtoto alikuwa kivulini, amelala. Mtu alisimama nje ya ua, na hakupiga hodi. Marsela alimwona kwanza miguu, chini ya matete, viatu vyenye visigino virefu vilivyokwisha upande. Kisha akasikia sauti.

"Dada."

Hakuitika. Mtu wa kwao haitikii mara ya kwanza akiitwa na sauti kama ile. Aliushika mchi kwa mikono miwili na kumwamuru aingie ili amwone juani. Mtu akaingia. Alikuwa na kivuli, hilo Marsela alilitazama kabla ya uso. Alikuwa na kovu mkono wa kushoto. Alikuwa mwembamba, na nywele zake zimeingiwa na mvi ambazo umri wake haukuwa umezifikia. Alitabasamu, na tabasamu lilikuwa lenyewe hasa, lakini lilichelewa kidogo, kama sauti za betri zilizochoka.

Alisema aliandika barua Mpimbwe, zikarudi. Amesikia kijiji hakipo. Bendi imekufa, mgodi umepunguza watu, amekuja kupitia Kigoma na reli. Marsela alimpa maji, akamtandikia mkeka, akafanya yote anayofanyiwa ndugu, na hakulitamka jina lake hata mara moja. Yeye alilingoja. Mtu akitoka mbali hungoja kuitwa jina.

Mtoto aliamka kwa ule ukimya. Akamjia mgeni, akasimama mbele yake, wakatazamana. Melkior akauliza ni wa nani. Marsela akasema ni wa Josefina. Basi Melkior akamwinamia mtoto na kumwuliza mwenyewe, kwa utani, anaitwa nani.

"Kasamya," mtoto alisema.

Melkior alikuwa mtu wa Mpimbwe. Hakuuliza maana yake. Alikaa chini polepole, akaweka mikono juu ya magoti na kuitazama, kama anayeangalia ni ya nani. Kisha aliuliza jambo moja tu: walijuaje kwamba amekufa. Marsela akaingia uvunguni, akatoa kapu, akapangusa vumbi, akampa ile santuri ya nne. Alimweleza kila kitu bila kujitetea, pengo lilivyokuwepo katika tatu za kwanza, na katika hii halipo, na picha yake haipo.

Melkior aliigeuza santuri ile mikononi, na kucheka kukamtoka, kucheka kudogo kusiko na furaha.

"Dada, hii si ya nne," alisema. "Hii ndiyo ya kwanza. Walirekodi mimi bado nachimba. Yule mfupi aliacha ngoma, ndipo nikaingia."

Marsela alilitazama kapu. Miaka yote ile alikuwa amezipanga kama zilivyofika, kwa sababu kinachofika kwanza ndicho kilichotoka kwanza, hivyo ndivyo barua zinavyokuja, hivyo ndivyo watoto wanavyokuja. Hakuwahi kufikiri kwamba kitu kinaweza kukaa nyuma ya rafu, kisha kije mwisho kikiwa cha mwanzo. Kwa kosa hilo alimzika mtu. Aliona aibu, na chini ya aibu aliona hofu, na alitaka kumpigia magoti mdogo wake, lakini Melkior alikuwa ameshainuka, anazipanga upya santuri ndani ya kapu. Akasema wazisikilize zote, kwa mpangilio wake, tangu mwanzo mpaka mwisho. Yeye mwenyewe hajawahi kuzisikia zote kwa mfuatano.

Alikuwa na betri mpya mfukoni mwa koti, za tochi. Wakakaa mkekani jua likiwa juu ya bati, mtoto katikati yao. Ilipigwa ile ya yule mfupi, imejaa, haina nafasi ya mtu. Kisha zikafuata zile tatu, na Marsela akawa analisikia pengo likija, likipita, likija, na kila lilipokuja vidole vyake viligonga goti. Vya Melkior havikugonga. Aliinamisha kichwa kama anayesikiliza habari za mtu anayemfahamu kidogo. Kisha ya tano, upande wa kwanza. Kisha Melkior akaigeuza upande ambao Marsela hakuthubutu.

Wimbo wa kwanza, mawili mepesi na pengo. Wa pili vilevile. Wa tatu ulianza hivyo, ukaenda mpaka kati, na hapo pengo likaziba. Hakukuwa na kishindo. Mawili mepesi yalikuja, na pale palipokuwa wazi pakaja pigo zito, kisha jingine, na toka hapo mpaka santuri inaisha ngoma zilijaa, nzuri, kama za mtu yeyote.

"Hapo," Melkior alisema. Alieleza kwamba walikuwa studio, mwaka ule wa sabini na nne, mvua za kwanza zimekaribia. Katikati ya wimbo alihisi mtu ameondoka nyuma yake. Aligeuka, hakuona mtu. Wenzake walimwambia aendelee. Aliendelea, na watu wakasema sasa ndiyo anapiga vizuri. Tangu siku hiyo hakuweza tena kupiga kama mwanzo, na hakujua amepoteza nini, kwa sababu mikono ilikuwa ile ile. "Nilikuwa namwachia mtu nafasi," alisema. "Nikasahau nani."

Marsela alisimama. Hakuwa mtu wa kulialia, nimeshasema, lakini machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta. Alichukua mchi wake, akachukua na ule wa akiba uliokuwa ukutani, akampa Melkior. Alimwambia waje kinuni. Alikuwa na mawazo ya mtu anayetaka kurudisha maji yaliyomwagika: kama mikono ya kaka yake itakumbuka, basi jina na liende linakotaka, mtu mwenyewe yupo.

Walisimama pande mbili za kinu. Alishusha mchi wake, akauinua, akangoja. Wa Melkior ulishuka mara moja, na uliposhuka mara ya pili ulikuwa umechelewa, ukagongana na wa Marsela hewani. Wakaanza upya. Ikagongana. Marsela alimwambia, "Niachie nafasi yangu," kama zamani, na Melkior akaitikia kwa kichwa, akakaza macho, akajitahidi kama mwanafunzi mpya. Ikagongana. Punje za mpunga ziliruka nje ya kinu, na kuku walisogea lakini hawakula.

Hapo ndipo waliposikia sufuria. Mtoto alikuwa ameigeuza kifudifudi kwenye kivuli, ana mwiko mkononi. Alipiga mawili mepesi, akaacha. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Kapu lilikuwa uvunguni tangu hajafika Mpanda, na santuri zenyewe alizisikia siku hiyo tu. Alipiga mawili mepesi, akaacha, akainua macho, akamtazama Marsela jinsi mtu anavyomtazama mwenzake anayechelewa.

Melkior aliusimamisha mchi wake ukutani, taratibu, kama kitu cha watu.

"Basi, dada," alisema. "Usimngojeshe."

Mikono ya Marsela haikusubiri ruhusa yake. Mchi ulishuka ndani ya pengo. Mawili mepesi, moja zito. Mawili mepesi, moja zito. Mpunga ukaanza kumwaga maganda.

Melkior hakuondoka. Alikaa Kawajense, akapata kazi ya kupakia magunia stesheni, na kila jioni alirudi akakaa barazani, akisikiliza kinu. Josefina alikuja kumwona, akamsalimia kwa adabu kubwa, kama anavyosalimiwa mtu mliyekutana naye msibani. Bartolomeo hakuja. Jina la ubatizo alikuwa nalo, hakuna aliyemnyang'anya, lakini watu hawakulitumia, na kila alipouliza mtu ni nani yule kwa Marsela, aliambiwa ni mgeni. Likawa ndilo jina lake. Watoto wa mtaani walimwita Mgeni, na wenye maduka wakamwita Mgeni, na wanawake waliokuwa wakisema Marsela anatwanga vibaya sasa walisema anatwanga vizuri.

Marsela alilikwepa muda mrefu. Siku moja chakula kilipokuwa tayari alitoka mlangoni na kuita, "Kaka," na mtoto akaitika. Alisimama pale na kata mkononi, akimtazama mtu aliyekaa barazani, ambaye naye alikuwa amegeuza kichwa.

"Na wewe, Mgeni," alisema. "Njoo ule."